Wakishasema "mpelekeni nyumbani", kazi ya nesi ndio imeanza

Ukikaa wodini muda mrefu utaona kitu kimoja kwenye rauni. Madaktari wanasimama kitanda baada ya kitanda, wanauliza, wanaandika, wanabishana kidogo, halafu wakifika kwa yule mgonjwa ambaye majibu yake hayakuwa mazuri wanapita haraka, "endelea na hizo hizo", hao wameshahamia kwa jirani yake. Siku mbili tatu baadaye ndugu wanaitwa pembeni wanaambiwa mpelekeni nyumbani, hatuna cha kufanya tena. Na wanampeleka kweli, na kibahasha cha panadol na diklopa.

Mimi ni nesi na hiyo sentensi ya "hatuna cha kufanya tena" ndio naigombania hapa, manake sio kweli. Kilichoisha ni tiba ya kuponya. Maumivu hayajaisha, kichefuchefu hakijaisha, vidonda vya kulala muda mrefu ndio kwanza vinaanza, mtoto wa mwisho hajajua atalelewa na nani, na mke anayelala chini ya kitanda hajui hata hiyo siku yenyewe ikifika atafanya nini. Hayo yote ni kazi na kazi hiyo ina utaalamu wake, kwetu tunaiita tiba shufaa. Wengi wanadhani ni ya siku za mwisho tu, lakini Shirika la Afya Duniani linasema ianze pale pale ugonjwa mkubwa unapogundulika, itembee pamoja na matibabu mengine, na mwaka 2014 mkutano wake mkuu ulipitisha azimio kuzitaka nchi ziiweke kwenye mifumo yao ya afya. Tena sio kansa tu. Figo zilizofeli, moyo uliochoka, ukimwi uliofika mbali, mtoto mwenye selimundu, bibi aliyepigwa kiharusi hawezi hata kujigeuza, wote wamo.

Aliyeipa hii kazi sura tunayoijua leo alianzia unesi, Cicely Saunders wa Uingereza. Mgongo ukamsumbua akaacha unesi akawa mtu wa ustawi wa jamii hospitalini, halafu akarudi shule akawa daktari, na mwaka 1967 akafungua St Christopher's kule London, hospisi, yaani nyumba ya kuhudumia wagonjwa wasioweza kupona tena. Alichotuachia ni hoja kwamba maumivu ya mtu anayekaribia kufa yana pande nne kwa pamoja: mwili, nafsi, watu wake na imani yake. Ukitibu upande mmoja ukaacha mingine maumivu hayashuki. Hii ukiisoma darasani unaona ni maneno ya kujibia mtihani, ila wodini utakutana na mama analalamika mgongo usiku kucha, dozi imepandishwa mara mbili na bado, mpaka siku kaka yake anakuja kutoka kijijini wanakaa wanaongea habari za yule binti yake wa darasa la tano, nani atamchukua, ada nani atalipa. Usiku ule mama analala. Dozi haijabadilishwa.

Ila nisieleweke vibaya, maumivu ya mwili yanatakiwa dawa, sio maombi na kushikana mikono tu. Kwa maumivu makali ya kansa dawa ni mofini na hapa ndio penye uzushi mwingi kuliko sehemu nyingine yoyote. Wa kwanza unasema mofini ni dawa ya kufia, mtu akianzishwa ujue ndio basi. Imani hii tumeitengeneza wenyewe kwa kuwaanzishia watu siku tatu kabla hawajafa, kwa hiyo kila ndugu aliyeona chupa ya mofini aliona na jeneza nyuma yake, akaunganisha. Mtu aliyeanzishwa mapema anaweza kuinywa miezi na miezi huku anakaa kibarazani anapiga stori. Wa pili ni kwamba atakuwa teja. Mgonjwa anayekunywa kwa ajili ya maumivu kwa dozi iliyopangwa na kuongezwa polepole hayuko kwenye hali ya mtu anayetafuta nishai, hofu ya uteja isiwe sababu ya kumwacha alie. Wa tatu, kwamba itamkata pumzi, na hiyo inatokea dozi ikipandishwa kiholela, au figo zikiwa mbovu na hakuna aliyekumbuka kupunguza.

Inavyotumika ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Ipo ya maji, unga wa mofini unachanganywa na maji na kitu cha kuzuia isiharibike, mgonjwa anapimiwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Inanywewa kila baada ya masaa manne kwa kufuata saa, usingoje maumivu yarudi ndio umpe, na ile ya kulalia mara nyingi daktari anaiandika mara mbili ili asiamshwe saa nane usiku. Siku mbili tatu za mwanzo atasinzia, anaweza kutapika, hayo yanapita. Kisichopita ni choo kigumu, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo inaandikwa siku hiyo hiyo, na kama haikuandikwa nesi uliza, usione aibu, nimeona watu wanaiacha mofini iliyokuwa inawasaidia kwa sababu ya siku saba bila choo. Kujua maumivu ni kiasi gani tunatumia vidole, ngumi ni hakuna maumivu na vidole vitano ni yasiyovumilika, hata bibi ambaye hajawahi kushika kalamu anakuonyesha.

Majirani zetu Uganda ndio walitutangulia hapa. Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, wakawa wanatengeneza hiyo mofini ya maji kwa bei ndogo, na mwaka 2004 sheria yao ikaruhusu manesi waliopewa mafunzo maalumu kuiandika wenyewe. Hebu fikiria kijiji ambacho daktari hafiki lakini nesi anafika. Mimi naona hilo la sheria ni kubwa kuliko majengo yote.

Sasa tuje kwenye kigumu zaidi, kusema ukweli. Karibu kila familia inakuja na ombi lile lile mlangoni, "Sista, tafadhali mzee asijue, atakata tamaa". Wanasema kwa upendo kabisa. Lakini mzee anao mwili, anaona suruali inamvuka, anaona watoto waliokuwa hawaelewani wamekuja wote kutoka mikoani na wanacheka cheka bila sababu. Mzee mmoja aliniambia, "mwanangu, hawa wananificha, na mimi nawaficha kwamba najua", halafu akaniomba maji. Kwa hiyo nyumba nzima inaigiza na kila mtu yuko peke yake, na yale ya kusema, kiwanja kile hati iko wapi, deni la nani, nisamehe kwa jambo fulani, hayasemwi.

Nesi hatakiwi kumbwagia mtu habari, na kutoa majibu ya vipimo ni kazi ya daktari, ila mgonjwa huwa hamuulizi daktari kwenye rauni mbele ya wanafunzi kumi, anakuuliza wewe saa tisa usiku ukiwa unabadilisha dripu. "Sista, hivi mimi nitapona?" Jibu baya ni "utapona tu, muombe Mungu", kwa sababu umefunga mlango. Vuta kiti kwanza, au hata kaa kwenye ukingo wa kitanda kama anaruhusu. Muulize, "shikamoo mzee, wewe mwenyewe unaionaje hali yako?" halafu nyamaza, na kunyamaza kwenyewe ndio kazi ngumu. Ukishajua anachojua, muulize angependa kujua kiasi gani na angependa nani awepo, kuna watu hawataki kujua kabisa, wanasema ongeeni na kijana wangu mkubwa, na hiyo ni haki yao pia. Kwa familia inayokataa, mimi nawauliza wanaogopa nini hasa. Mara nyingi wanajiogopa wao, hawajui watamtazamaje usoni.

Halafu zinakuja zile siku zenyewe. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndugu wengi wanaoteseka baadaye wanateseka kwa kitu walichokiona wakakielewa vibaya.

Chakula. Mwili unapofunga kazi hauhitaji tena, njaa inaondoka. Ndugu wakiona hali chakula wanadhani atakufa kwa njaa, wanakuja na uji wa lishe wanambana mdomo, anapaliwa, unaingia kwenye mapafu. Waambie waziwazi kwamba hafi kwa sababu hali, ila hali kwa sababu anakufa. Na dripu za maji siku za mwisho mara nyingi zinaongeza uvimbe na makamasi kifuani tu, wala hazimwongezei siku. Lakini huwezi kumnyang'anya mama kijiko ukamwacha mikono mitupu, mpe kazi nyingine: gozi, kile kitambaa laini cha kufungia vidonda, iliyoloweshwa maji safi, afute ulimi na fizi taratibu, mafuta kidogo midomoni, hata mara moja kwa saa. Mdomo mkavu unatesa kuliko njaa.

Pumzi inabadilika, anavuta harakaharaka, inapungua, inasimama kabisa kwa sekunde kadhaa kila mtu anaruka, halafu inarudi. Mkoromo wa majimaji kooni unawatisha sana waliokaa pembeni, yeye mwenyewe kwa kawaida hana habari tena. Mgeuze alale ubavu, inua kichwa kidogo, ipo na dawa ya kukausha. Kuingiza mipira ya kunyonya makamasi mara nyingi kunamsumbua bure. Miguu na mikono inapoa, ngozi ya magoti inakuwa na madoa ya zambarau, kwa ngozi nyeusi madoa hayaonekani vizuri kwa hiyo gusa, usitegemee macho. Na akianza kuhangaika, anavuta shuka, anataka kuteremka kitandani, kabla hujasema ni roho inatoka au kuomba dawa ya usingizi shika tumbo chini ya kitovu. Kibofu kimejaa. Mara ngapi mpira wa mkojo umeziba na hakuna aliyeangalia! Kuongea naye msiache, kuna dalili kwamba usikivu unachelewa kuondoka, kwa hiyo ugomvi wa mirathi uhamie nje.

Mambo ya imani ulizeni mapema, sio pumzi zikishaanza kukatika. Mgonjwa Muislamu familia yake itataka aelekezwe kibla, awepo mtu wa kumlakinia shahada na kumsomea Yasini, na watataka kujua nani ataugusa mwili na kama mazishi yanawezekana siku hiyo hiyo, kwa hiyo karatasi zisichelewe kwa sababu mtu fulani ameenda chai. Mkatoliki atataka padri kwa mpako wa wagonjwa akiwa bado anaweza kuitikia. Mlokole atataka nyimbo, na wodi ina vitanda thelathini vimebanana. Hapo hakuna kitabu kitakachokusaidia, ni busara yako ya kuvuta pazia, kuwaomba waimbe kwa sauti ya chini, na kumwambia mlinzi wa getini awaache wapite ingawa saa ya kuona wagonjwa imekwisha.

Akishakata roho, sema amefariki. Usiseme hali imebadilika, kuna mtu utamwambia hivyo akakuuliza kwa hiyo tulete damu? Kwenye simu ndio kuna ubishi. Wengi wetu tunasema "njooni, hali yake sio nzuri", tunaogopa mtu asije akapata ajali njiani, na kimila habari ya msiba haitolewi kwa mtu aliye peke yake barabarani. Naielewa hiyo. Ninachofanya ni kuuliza kwanza, uko wapi, uko na nani, unaendesha? Na akiniuliza moja kwa moja kama amefariki simdanganyi.

Baada ya hapo ndio tunaingia kwenye majonzi, na hapa vyuoni tunakaririshwa hatua tano: kukataa, hasira, kujadiliana, huzuni nzito, kukubali. Ni za Elisabeth Kübler-Ross, mwaka 1969, na watu wanasahau kwamba alizitoa kwenye mazungumzo na wagonjwa waliokuwa wanakufa wenyewe kule Chicago, sio wafiwa. Kuzigeuza ngazi ambayo kila mfiwa lazima apande kidato kwa kidato ni makosa, na nimesikia mtu anaambiwa "mbona hujalia, utakuwa bado uko kwenye kukataa". Jamani. Maelezo yanayonikaa mimi ni ya Margaret Stroebe na Henk Schut, 1999, kwamba mfiwa anakwenda na kurudi, saa hii amezama kwenye uchungu, saa inayofuata anahangaikia kodi ya nyumba na hata anacheka, halafu anarudi tena kwenye uchungu, na huko kwenda na kurudi ndiko kunakomsaidia.

Nikisoma hiyo huwa nawaza matanga yetu. Watu wamelala kwenye mikeka, kina mama wanalia kweli, halafu anatokea mtani wa marehemu, Mzaramo kwa Mnyamwezi kwa mfano, amevaa koti la marehemu anaiga anavyotembea na anavyokunja uso akiombwa hela, anazuia jeneza lisitoke mpaka alipwe, mjane anajikuta anacheka na machozi yamo. Kuna watu wanaona ni utovu wa adabu, mimi naona bibi zetu walikuwa wameshaelewa zamani. Tatizo letu liko baadaye. Wiki ya kwanza sufuria zimejaa na simu haipumziki, ikifika arobaini watu wametawanyika, mjane wa Kiislamu bado yuko ndani ya eda yake ya miezi minne na siku kumi, na hodi zimepungua. Ukitaka kumsaidia mfiwa weka kikumbusho kwenye simu, mpigie baada ya miezi mitatu. Na ukiona miezi zaidi ya sita imepita na mtu hawezi kabisa kuishi, haogi, hatoki, anasema anataka kumfuata marehemu, huyo anahitaji mtaalamu, mwongozo wa magonjwa wa WHO unautambua huo msiba uliogoma kama ugonjwa, ingawa unataka uangaliwe kwa kulinganisha na mila za mtu. Akitaja kujiua hata siku ya tatu, usisubiri miezi.

Kuna majonzi mengine hayapewi hata mkeka. Kenneth Doka aliyaandikia mwaka 1989, huzuni ambayo jamii haiitambui. Kwetu anayeongoza ni mama aliyejifungua mtoto mfu. Hakuna matanga, wanaume wanazika haraka, wanamwambia bado mdogo utapata mwingine, na wodini amelazwa katikati ya wenzake wenye vichanga vinavyolia. Siku ya pili au ya tatu maziwa yanajaa na hakuna aliyemwambia kwamba yatakuja. Mwambie kabla. Sidiria inayoshika vizuri, kitambaa cha baridi, dawa ya maumivu, asikamue mpaka yaishe kwa sababu yataongezeka, akizidiwa akamue kidogo tu. Mhamishe kitanda kama kuna upenyo wowote. Muulize kama anataka kumwona mtoto na kumshika, usimlazimishe na usimnyime, na kama walikuwa na jina, litumie.

Na wa mwisho kwenye foleni hiyo ni nesi mwenyewe. Unamfumba macho, unafunga taya kwa bandeji kabla mwili haujakakamaa, unanyoosha mikono, unatoa kanyula ya dripu na mpira wa mkojo, unamfuta, unaandika jina mara mbili usikosee, watu wa mochwari wanakuja na kitoroli, shuka jipya linatandikwa na kabla godoro halijapoa kitanda kina mgonjwa mwingine anauliza choo kiko wapi. Ukilia unaambiwa utazoea. Miaka ya 90 ndio majarida ya unesi ya Marekani yalianza kuandika kuhusu huko kuchoka kuhurumia, mtu anafika mahali hahisi kitu, anaita wagonjwa kwa namba za vitanda, anafoka, na wenzake wanasema yule dada ana roho mbaya siku hizi. Sio roho mbaya, ni misiba aliyoibeba bila kupewa nafasi ya kuitua.

Jonathan Bartels, nesi wa hospitali ya Chuo Kikuu cha Virginia, alianzisha kitu kidogo sana: mtu akifariki, waliokuwa wanamhudumia wanasimama pale pale kimya kama dakika moja, kila mmoja kwa imani yake, kabla ya kuondoka. Haigharimu senti. Kwenye kukabidhi zamu pia, badala ya "namba kumi na mbili RIP", taja jina na mtu aseme kitu kimoja anachomkumbuka. Na kulia mbele ya ndugu sio kosa la kazi, mradi isifike mahali wao ndio wakubembeleze wewe.

Sasa narudi kwa ndugu walioambiwa wampeleke nyumbani. Msitoke getini hivi hivi. Ulizeni maumivu yakizidi usiku tunampa nini na kiasi gani, dawa ya choo iko wapi, kidonda kinasafishwaje, tutamgeuza kila baada ya muda gani, tukiona nini tumrudishe na tukiona nini tukae naye tu, na tutampigia nani. Ulizeni kama kuna timu ya tiba shufaa inayofuata wagonjwa majumbani, Dar kuna Taasisi ya Saratani Ocean Road, Nairobi hospisi yao ipo tangu 1990, na baadhi ya hospitali za misheni zina watu wanaozunguka vijijini. Na ulizeni akifia nyumbani tunaanzia ofisi gani, kwa Kenya ni naibu chifu, huku kwetu Tanzania anzieni kwa mtendaji wa mtaa au kijiji, maana familia nyingi zinakimbiza maiti hospitali usiku kwa taksi, wanalipa nauli mara mbili, kwa kuogopa tu kwamba watakosa kibali cha kuzika.